Utepe wa Mikato Kumi na Minne

4 Machi

Wifi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe mzima, mumeo mzima, na mwanenu Kitufe mzima. Huku kwetu wote wazima isipokuwa mimi, nami ndiyo sababu ya barua.

Najua tangu harusi yako hatujasemezana zaidi ya pole za misibani. Lakini hili sina wa kumwambia. Simu siwezi kupiga, maana simu ya hapa nyumbani kaka yako huipokea yeye, na ujumbe akiuona huusoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hili sitaki alitangaze.

Nina uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulianza kama kifungo cha koti, sasa umefika limau. Hauumi. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mgeni mwema hubisha hodi. Mwaka mzima nimekuwa nikitia pamba upande wa kulia wa magauni yangu ili pande zilingane, na hakuna aliyegundua. Kaka yako fundi saa anaona jino lililovunjika kwenye gurudumu dogo kuliko kunguni, lakini titi la mkewe limempita hivi hivi.

Wiki jana nilijipeleka hospitali. Wakanibana kwenye mashine ya picha, sahani mbili kama pasi mbili zinazobusiana, na mimi katikati. Kisha nikalazwa, nikapakwa mafuta ya baridi, wakanipitishia kile kifaa cha mawimbi ya sauti. Mpiga picha, dada mmoja anayetafuna kalamu, akasema, "Mipaka yake iko vizuri." Nikamuuliza, vizuri kwa nani? Akasema, "Mama, mimi ni wa picha tu."

Daktari anasema picha haitoshi, anataka kinyama kidogo cha kupima. Kesho wananichoma sindano kukitoa. Fomu inasema kitapelekwa maabara ya mjini kwenu, hiyo hiyo unayofanyia kazi. Namba yangu ni 417. Sikuombi upendeleo. Naomba kichupa kisipotee.

Mke wa kaka yako

*

9 Machi

Kwa mke wa kaka yangu,

Barua imefika. Sisi hatujambo. Kitufe ana miaka minne, anauliza kila kitu isipokuwa ruhusa. Pole kwa ugonjwa.

Nakujibu kwa ufupi kwa sababu hasira za lile gauni la harusi ulilonishonea bado ninazo, na hasira hazichanganywi na dawa. Zipu ilipasuka mbele ya watu mia tatu, wifi. Keki niliikata nimefungwa kitambaa cha meza mgongoni. Wewe ulikuwa umekaa safu ya pili, hukusema hata "pole".

Haya. Kichupa 417 kimefika, nimekisaini mwenyewe. Ndani mna vijinyama vinne vyembamba kama vipande vya uzi wa kudarizi. Vinakaa kwenye dawa visioze, kisha tunavigandisha ndani ya nta. Mimi huikata ile nta kwa mashine, utandu mwembamba kuliko karatasi ya sigara, naulaza juu ya kioo, naupaka rangi. Halafu Daktari Taratibu anausoma kwa darubini. Jina hilo tumempa sisi, na hajakataa, nadhani bado anafikiria. Mimi nakata, yeye anasoma. Ndivyo kazi ilivyogawanywa.

Mwambie kaka. Si vizuri.

Dada wa mumeo

*

14 Machi

Wifi wa maabara,

Hujambo? Kitufe hajambo? Mimi nipo, na kama kungekuwa na mahali pengine pa kuwapo ningehamia.

Ile wanayoiita sindano ni mkuki uliosomeshwa. Inalia "ta!" kama ile mashine ya ofisini ya kubana karatasi. Daktari akaniambia, "Usishtuke." Mara nne akachoma, mara nne akasema usishtuke, na mara nne nikashtukia maneno kabla ya sindano.

Tangu siku hiyo situlii. Meza ya kukatia nimeihamisha mara tatu. Mteja kaja akasimama mlangoni: "Fundi, unahama?" Nikamwambia nafuata mwanga. Akatazama dirisha, akanitazama mimi, akachukua sketi yake kabla haijaisha. Kola ya shati la mwalimu mkuu nimeishona ndani nje. Nikaifumua, nikaishona tena, ndani nje.

Kuhusu gauni lako, vipimo nilichukua mwenyewe, mara mbili. Sina la kuongeza.

Kaka yako sijamwambia. Kila nikifungua mdomo, yeye ana kioo chake jichoni na saa ya mtu imefunguliwa kifua mezani, naona aibu kufungua na changu.

Ukikata hizo nta unaona nini? Hapana, usiniambie. Au niambie.

Mke wa kaka yako, fundi

*

25 Machi

Wifi yangu,

Nimefanya lisiloruhusiwa, na sijui kuliandika kwa mzunguko.

Ijumaa Daktari Taratibu alipokwenda kula nilikiweka kioo chako chini ya darubini. Miaka kumi na tisa nakata, wifi, na macho yangu hayakukaa bure. Nimejifunza kwa kuchungulia, kama mtoto anayejifunza kupika kwa kusimama mlangoni mwa jikoni. Nimeona mianya myembamba, mingi, inaungana huku na huku kama mishipa ya damu inayotafuta njia. Nilishaiona sura hiyo mara moja tu, ya mama mmoja wa makamo. Ilikuwa saratani ya mishipa. Hakumaliza mwaka.

Daktari mwenyewe ameandika ripoti ya awali: kuna mianya inayofanana na mishipa, hiyo saratani hawezi kuikataa bado. Imeshakwenda hospitali kwenu.

Wakikuambia titi lote liondolewe, kubali. Usibishane nao kama unavyobishana na wateja. Na mwambie kaka, tafadhali. Ukiniita nakuja hata na nguo za kazini.

Wifi yako

*

28 Machi

Wifi yangu,

Natumaini wazima. Nilipoona umeniita "wifi yangu", na salamu hujaweka, nilijua nimekufa. Miaka minne hujaniita hivyo.

Ulichosema kimetimia. Daktari wa upasuaji ameniita, akasoma ripoti yenu akiwa amesimama, akaniandikia tarehe 18 Aprili. Titi lote. Nikauliza, je, hamuwezi kutoa uvimbe peke yake? Akasema, "Kwa ripoti hii, mama, sithubutu."

Barua yako nimeishi nayo siku mbili ndani ya sidiria, upande wa kulia, mahali pa pamba. Nimetembea nayo chumba hadi duka, duka hadi chumba. Siku ya pili nikaanza kukasirika, na mimi nikikasirika huwa naanza kufikiri.

Sasa nisikilize. Fundi aliyenifundisha kazi hakujua kusoma namba. Alikuwa akipima watu kwa utepe wa karatasi, akishamzungushia mtu anakata alama kwa mkasi, mkato mmoja kifua, mmoja kiuno. Mimi namba nazijua, lakini mwili wangu huwa naupima kwa njia yake, kwa kuwa namba kaka yako angeziona ukutani akauliza. Tangu mwishoni mwa Desemba, kila Jumamosi nikifunga duka nimezungusha utepe ule ule, kutoka mfupa wa katikati ya kifua, juu ya uvimbe, hadi uti wa mgongo. Nimeuweka humu ndani ya bahasha. Una mikato kumi na minne, pembeni ya kila mmoja tarehe yake. Yenye nukta ya kalamu ni ya wiki za hedhi.

Uutazame. Unakwenda mbele, mbele, mbele, ikifika nukta unarudi nyuma. Kisha mbele tena, kisha nyuma. Kila mwezi, kwa tarehe. Kwa jumla umekua, sikatai. Lakini nimepima wanawake miaka ishirini na sita. Anayenenepa ananenepa, anayekonda anakonda. Kitu kibaya kinachokula mtu huwa kinachukua likizo?

Sisemi hukuona ulichokiona. Nasema wewe ni mkataji, kama mimi, na si kila anayekata kitambaa anajua gauni litakaaje. Mpelekee utepe huo Daktari Taratibu. Na umwambie yule dada wa picha alisema mipaka iko vizuri.

Wifi yako, fundi

*

3 Aprili

Wifi yangu,

Hatujambo, isipokuwa mimi nimepewa onyo la maandishi. Nitaeleza.

Utepe ulifika Jumamosi. Nikakaa nao siku mbili kwenye mfuko wa koti la kazi, kila nikitia mkono unanikwaruza. Kumwonyesha daktari maana yake ni kukiri kwamba nilisoma kioo, na kwamba nilichokisoma nilimtumia mgonjwa. Kwa kosa hilo mtu huambiwa akusanye vikombe vyake aende. Jana nikaingia.

"Nani alikuambia ni saratani?"

"Mimi mwenyewe, daktari."

"Na wewe ulisomea wapi?"

"Mlangoni mwako."

Hakucheka. Alinyoosha utepe juu ya meza, akaubana ncha kwa kikombe cha chai na mashine ya kutoboa karatasi, akachukua rula. Akapima mkato mmoja mmoja, yote kumi na minne, na mimi nimesimama. Unajua anavyokwenda. Nilihesabu vigae vya sakafu mara mbili.

Halafu akauliza picha zilisema nini. Nikamwambia mipaka iko vizuri. Akatoa fomu yako: mahali pa majibu ya picha pameandikwa "uvimbe", basi. Hakuna aliyemwambia una mipaka, hakuna aliyemwambia unapungua. Akapiga simu hospitali kwenu akasomewa ripoti ya picha nzima, akasema "mm" mara tano.

"Huyu mgonjwa ni nani?"

"Fundi cherehani. Wifi yangu."

"Ningepata mafundi cherehani kumi," akasema, "ningestaafu mapema."

Kuna rangi maalumu inayoshika kuta za mishipa ya damu na si kitu kingine. Ndiyo itakayoamua. Kwetu imeisha, ameagiza. Inaweza kuchukua wiki mbili, na tarehe yako ni ya kumi na nane. Ahirisha, wifi. Daktari anaandika barua kuwaomba, lakini unajua mwendo wake, usimngoje.

Onyo langu linasema nisiguse darubini. Sitaigusa.

Wifi yako

*

11 Aprili

Wifi yangu,

Salamu nyingi na pole kwa hilo onyo. Ningekuwa na mamlaka ningelifumua.

Nilikwenda kwa daktari wa upasuaji. Akaniambia, "Mama, huu si mshono wa kuahirisha." Nikamwambia, "Daktari, mimi nikikosea nafumua. Wewe ukikosea utafumua?" Muuguzi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Daktari amenipa wiki moja: tarehe 25, haiongezeki. Sijui kama nimejipatia wiki au nimejipotezea. Nikiwa nimesimama naona nilifanya vyema, nikikaa naona nimejiua kwa ubishi. Kwa hiyo sikai.

Kaka yako anajua. Nilimsogelea asubuhi kabla hajafungua saa yoyote, nikamwambia nina jambo. Akasema, bila kuinua kichwa, "La upande wa kushoto?"

Wifi, nilishika meza.

Akasema, "Saa ya mtu ikichelewa dakika moja kwa mwezi naiona. Wewe nisione?" Amejua tangu mwaka jana. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Nilidhani utasema wewe. Halafu nikaona nimechelewa kuuliza. Halafu nikaogopa." Kisha akaanza kutia ufunguo saa zote za dukani, hata za marehemu ambazo hazina wa kuzichukua. Sasa nyumba nzima inagonga, na mimi nazunguka humo ndani kama mshale wa saa.

Kwa kuwa sijui tarehe 25 itanikuta wapi, nikuambie la gauni.

Nilikupima mara mbili, wiki tatu kati yake. Kila kitu kilikuwa vile vile, ila kiuno kiliongezeka vidole viwili. Uso wako ukaniambia yaliyobaki. Nikaacha akiba ya mshono kila upande, ya kutosha kukufikisha harusini ukiwa umekaa raha mustarehe. Nikangoja uniambie niifungue. Wewe ukaja ukasema, "Wifi, kaza." Nikakaza. Ningesema "najua, na hakuna neno", gauni lingekaa. Nikanyamaza nikaita heshima. Ilikuwa uoga, ule ule wa kaka yako. Kitufe alizaliwa miezi saba baada ya harusi akiwa na uzito wa miezi tisa, nikampongeza kama wengine.

Pole kwa zipu. Nimechelewa, lakini nimefika.

Wifi yako, fundi

*

19 Aprili

Wifi yangu,

Si saratani. Salamu zitafuata.

Rangi ilifika jana. Sikugusa. Daktari Taratibu aliweka kioo, akatazama, akazungusha, akanywa chai yote, akatazama tena. Nilikuwa mlangoni. Akasema, "Njoo." Nikasema nina onyo. Akasema, "Mwenye kuandika onyo ni mimi. Njoo."

Ile mianya haijashika rangi hata mmoja. Si mishipa. Haina ukuta, haina damu, ni nyufa tu ndani ya nyama ya kawaida iliyojiotea kupita kiasi. Unakumbuka koti ulilomshonea kaka kwa harusi yangu, lenye kifuniko cha mfuko kifuani? Alihangaika kutwa nzima kuingiza kalamu, hadi ukamwambia ni pambo, ndani hakuna mfuko. Basi mimi niliona kifuniko, nikaapa kuna mfuko, na nikakuzika nao.

Jina lake ni refu, ukilisema lazima upumzike katikati. Daktari kwa Kiswahili anaiita mishipa bandia. Ni nadra, maisha yake yote ameiandika mara sita, wewe wa saba. Hufuata homoni za mwezi, ndiyo maana inakwenda na kurudi. Anasema utepe hauthibitishi ugonjwa, rangi ndiyo iliyothibitisha. Lakini bila utepe asingeikimbilia rangi.

Amempigia daktari wa upasuaji mwenyewe, kwa simu, tena akaongea haraka. Tarehe 25 wanatoa uvimbe tu. Titi linabaki. Uvimbe wenyewe utaletwa huku usomwe wote, kwa maana sindano huonja tu pembeni. Hadi hapo usicheze ngoma.

La gauni nimelisoma mara tatu. Nikajifungia chumbani nikacheka, kisha nikalia, Kitufe akibisha mlango akiuliza, "Mama, unafanya ipi?" Miaka minne nimekulaumu, na aliyesema kaza ni mimi.

Wifi yako

*

6 Mei

Wifi yangu,

Natumaini kidonda kinakauka, na kaka anakuhudumia bila kukupigia mahesabu ya dakika.

Uvimbe wako ulifika Jumatatu iliyopita, mzima, ndani ya ndoo ndogo. Ulikuwa mweupe, mgumu kama mpira, na mipaka yake vizuri kabisa, yule dada wa picha mpe salamu zangu. Hilo niliona kwa kuupokea tu. Kuukata nilimwachia mwenzangu.

Nilikaa nje kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Miaka kumi na tisa nimelipita benchi lile, sikujua kwamba limelegea mguu mmoja na kwamba ukilikalia linahesabu kila pumzi. Siku nne nililikalia kila saa ya chai. Ijumaa Daktari Taratibu akatoka mwenyewe. Aliutazama uvimbe wote, pembe hadi pembe. Ni mishipa bandia, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kibaya kilichojificha.

Anasema uvimbe unaweza kuota tena. Kila miezi sita upigwe picha. Na utepe, kasema, usiuache.

Wifi yako

*

27 Mei

Wifi yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa Kitufe muulizaji.

Kidonda kimefunga. Daktari wa upasuaji anashona vizuri kuliko nilivyotarajia, mshono mmoja tu nisingempitishia. Pamba zote nimezitoa kwenye magauni, zimejaza mto mzima, kaka yako anaulalia. Upande wa kushoto sasa umepungua kidogo kuliko wa kulia, kwa hiyo baada ya mwaka mzima wa kudanganya kulia ningeweza kuanza kudanganya kushoto. Nimeamua waone.

Kutulia bado. Kila Jumamosi nikishika utepe mikono inapata baridi kabla haujazunguka. Lakini sasa sipimi peke yangu. Kaka yako anashika ncha ya mgongoni na kioo chake jichoni, na mkato anakata yeye. Wiki nne, mikato minne, yote imeangukia mahali pamoja. Karatasi imeanza kuchanika hapo.

Ndani ya bahasha nimeweka utepe mwingine usio na alama. Huo ni wako. Zungusha kifua ukate, zungusha kiuno ukate, uurudishe kwa basi. Kitambaa cha gauni lako jipya nimeshakichagua, nawe huna haki ya kukiona. Nitaacha akiba ya mshono pande zote mbili, na safari hii nikiona kitu nitasema.

Wifi yako